Aliyekuwa Mdomo Wangu Gerezani

Dada yangu aliponifungulia mlango, hakunikumbatia. Alinizaba kofi.

Kofi la maana, ndugu zangu. La kuona nyota mchana kweupe.

Na mimi hapo nimetoka kutoroka jela, nanuka maji taka kuanzia utosini, nategemea kupokewa hata na glasi ya maji.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi ni fundi bomba. Nina kigugumizi kikali tangu utotoni. Mpaka nimalize kusema "maji", mwenye kiu ameshazikwa. Cheka tu, nimezoea.

Nilifungwa kwa wizi ambao sikuufanya. Mwenye nyumba niliyemtengenezea sinki alipotelewa na vito vya mkewe, akanitaja mimi. Mahakamani nikajieleza, hakimu akachoka kabla sijafika katikati ya sentensi. Dada akanikatia rufaa. Rufaa hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yangu.

Gerezani nikakutana na Wakili.

Si wakili wa kweli. Ni tapeli aliyeuza viwanja vya watu. Lakini huo mdomo! Angemuuzia samaki maji, na chenji asirudishe.

Tulikuwa maji na mafuta. Yeye mnene, mlaini, hajawahi kushika spana. Mimi mkavu, mikono kama msasa. Lakini akanipenda, au ndivyo nilivyodhani. Nikiumwa, nikionewa kwenye zamu, yeye ndiye anayekwenda kunisemea kwa askari.

Mwisho askari nao wakazoea. Wakiwa na ujumbe wa kunipa, wanampa yeye. Nani ana siku nzima ya kusubiri jibu langu?

Jioni moja akaja kakunja uso.

"Fundi, afande kanipa habari zako. Rufaa imetupwa. Na wanakuhamishia gereza la mbali huko. Dada yako ndiyo basi tena."

Nililia kama mtoto. Sioni aibu kusema.

Akanishika bega. "Kesho unapelekwa kuzibua chemba ya jikoni. Nimeomba niwe msaidizi wako. Wewe unalijua bomba linakotokea, mimi nina maneno ya huko nje. Twende zetu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi mvua ilimwagika. Askari kasimama mbali, kaziba pua. Tukazama kwenye chemba, tukaanza kutambaa ndani ya bomba kuelekea mtaroni, ng'ambo ya ukuta.

Katikati, Wakili akakwama. Tumbo limebana, maji yanapanda, anamlilia mama yake.

"Fundi, usiniache! Fundi, nakuomba!"

Ningeweza kumwacha. Nilimvuta mpaka bega langu likateguka.

Tulipotoka ikawa zamu yake. Kwenye kizuizi akawaambia polisi sisi ni mafundi wa kuzibua vyoo vya hospitali. Ovaroli za kazi tulikuwa nazo, na harufu ikatutolea ushahidi. Wakatufukuza wenyewe.

Nikasema moyoni, huyu sasa ni ndugu yangu.

Tukafika kwa dada. Ndiyo lile kofi.

"Umefanya nini, mdogo wangu?" Alikuwa analia. "Polisi wametoka hapa sasa hivi. Rufaa umeshinda! Kesho nilikuwa nakuja kukuchukua getini! Afande aliniambia amemtuma mwenzako akwambie!"

Nikageuka. Wakili alikuwa anatazama viatu vyake.

"K-k-kwa nini?"

"Ungetoka wewe," akasema taratibu, "mimi nani angenipitisha kwenye lile bomba?"

Hivyo tu. Hata samahani hakuna.

Nilitaka kumrukia, bega likakataa. Akapita mlango wa nyuma, akayeyuka. Nikakaa sakafuni, dada ananifuta uso, tunalia wote wawili.

Nilirudi gerezani kwa miguu yangu, dada kanishika mkono. Nilijua watanielewa.

Nikakuta Wakili ameshakamatwa. Na ameshaongea.

Kwamba mimi ndiye niliyepanga. Kwamba bomba nalijua mimi. Kwamba nilimtishia kwa spana, yeye masikini wa watu, mtu mnene, angeingiaje mle kwa hiari yake?

Hakimu akaniuliza kama nina la kusema.

"M-m-mheshimiwa, m-m-mimi..."

Akatazama saa.

Nikapigwa kifungo cha kutoroka. Kile cha kwanza sikukifanyia kosa lolote. Hiki cha pili, ndugu zangu, siwezi kubisha. Nilitoroka kweli. Nilitoroka uhuru wangu mwenyewe.

Sasa nimeshatoka. Naandika hapa kwa sababu kwenye maandishi sina kigugumizi, na hakuna wa kunikatisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mdomoni. Habari ya maisha yako kaipokee mwenyewe, hata ukigugumiza mpaka jua lizame. Anayekusemea kila siku, ipo siku atakusemea uongo, na watu watamwamini kwa sababu sauti yako hawajawahi kuisikia.