Kamba Tatu za Mama wa Makere

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia katika sekondari moja ya Kasulu. Nilitoka Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, lakini sikuwahi kusokota hata kamba ya kufungia mbuzi. Siku niliyotakiwa kufundisha kolajeni, ile protini inayoshika ngozi, mifupa na kano zetu, aibu hiyo ilijulikana mbele ya darasa zima.

Kitabu kilikuwa na mchoro mmoja uliofifia. Nikanunua katani, nikasokota nyuzi tatu, nikazizungusha pamoja na kuziinua juu. "Hivi ndivyo ilivyo kolajeni," nikasema, "minyororo mitatu iliyoshikamana." Nilipoachia, kamba yangu ikafumuka yote mkononi mwangu.

Kidato cha tano kikacheka kwa adabu, wengine wakijifunika kwa daftari. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesokota zote upande mmoja. Mama yangu anauza kamba sokoni. Akiiona hiyo atasikitika."

Jumamosi nikamtafuta huyo mama. Alikuwa mtu wa kijiji cha Makere, mzaliwa wa Burundi aliyekwisha kupata uraia wa Tanzania, amekaa juu ya gunia na kamba zake zimelala mbele yake. Nikamwamkia, nikamweleza kilichonipata. Hakucheka. Alinipa katani.

"Kila uzi usokote kushoto. Halafu zote tatu zizungushe kulia."

"Kwa nini kulia?"

"Kila uzi unataka kufumuka. Ukizizungusha kinyume, kule kutaka kufumuka ndiko kunakoibana kamba."

Kitabu kilisema hivyohivyo: kila mnyororo wa kolajeni umejipinda kushoto, na mitatu kwa pamoja inajipinda kulia. Nilikuwa nimekariri sentensi hiyo chuoni bila kuielewa. Nikamwomba aje darasani.

Jumatatu alifika na kitenge chake cha kanisani. Mimi nikawa naeleza, yeye anasokota. Kwanza akafunga ncha za nyuzi tatu pamoja.

"Usipofunga kichwa, hazikai sawa," akasema.

Nikaruka kwa furaha. Hata ndani ya seli minyororo hushikana kwanza kwenye ncha moja, ndipo msokoto uanze.

Kisha akaacha kusokota ghafla. "Rindira," akasema kwa Kirundi, yaani subiri, akachomoa kipande kinene cha katani. "Kikibaki katikati, kamba inavimba." Nikawaambia wanafunzi kwamba ndiyo maana kila nafasi ya tatu kwenye mnyororo huwa na glaisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa.

Hapo mwalimu wa taaluma akatokea mlangoni. "Mwalimu, sekondari tunafundisha kwa Kiingereza."

Kabla sijajibu, yule mama akamtazama. "Niambie kamba inaitwaje kwa Kiingereza, baba, nami nitasema hivyo."

Mwalimu wa taaluma akaangalia kamba, akaniangalia mimi, akavuta kiti. Alikaa mpaka kipindi kikaisha.

Mwishoni mama akakata kwa kisu zile ncha alizofunga, kwa sababu kazi ya ncha hizo ilikuwa imekwisha. Kolajeni nayo, ikishatoka nje ya seli, hukatwa ncha zake na vimeng'enya, na hapo ndipo misokoto hulala ubavu kwa ubavu, mmoja ukiupita mwingine kidogo, na kuwa nyuzi nene zenye nguvu.

"Kwa hiyo ndani ya goti langu kuna kamba?" akauliza.

"Zipo nyingi sana, mama."

"Basi zangu zimechakaa." Akalipapasa goti lake, darasa likacheka, naye akacheka zaidi yao. Binti yake alikuwa ameinamisha kichwa, lakini nilimwona akitabasamu.

Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula swali la kolajeni lilijibiwa vizuri kuliko yote. Mwanafunzi mmoja tu aliandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba ncha hukatwa kwa kisu. Nilimpa nusu ya maksi. Mwalimu wa taaluma, aliyekuwa akisahihisha kwenye meza ya pili, aliisoma karatasi hiyo akasema nimembania.