Ulimi wa Mama Upawa

Mama Upawa hakuitwa hivyo na watoto wake wa kuzaa. Jina alibandikwa na wanafunzi mia tatu na arobaini wa shule aliyoipikia kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona jikoni bila upawa mkononi. Alikorogea huo, alipakulia huo, na akitaka kumwelekeza mtu stoo alimwonyesha kwa huo huo. Alikuwa mnene wa mwili, mwepesi wa kauli, na katika mambo ya jiko hashauriki. Vijiko vya kupimia alividharau. Chumvi aliimimina kiganjani, akaitazama kidogo, akaimwaga sufuriani, kisha akadondosha mchuzi nyuma ya mkono wake wa kushoto na kuulamba. Akitikisa kichwa, basi chakula kimekubali. Hakuna aliyethubutu kuonja baada yake mbele ya macho yake, maana ilikuwa sawa na kumwita mwongo.

Saratani ya titi ilipomkuta, alilia siku mbili. Siku ya tatu aliamka akauliza ratiba. Daktari akampa: upasuaji kwanza, kisha dawa za mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu. Baada ya upasuaji alikaa nyumbani hadi kidonda kikapona, halafu akabeba ratiba yake hadi ofisini kwa mwalimu mkuu, wakaitandaza mezani kama watu wanaopanga harusi. Wiki za dawa angepumzika Jumatatu hadi Jumatano, na Alhamisi angerudi kazini. Siku hizo tatu jiko lingeshikwa na msaidizi wake.

"Mama, huoni bora upumzike mpaka yaishe yote?" mwalimu mkuu alimuuliza.

"Nipumzike nifanye nini, mwalimu? Nilale chali nihesabu mabati?"

Mwalimu mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alicheka. "Haya. Mradi watoto wale. Siku nikiona hawali, nitaweka mtu mwingine mpaka upone, na usininunie."

Wakapeana mikono.

Nyumbani mambo yalikuwa na mpangilio wake. Mume wake alikuwa kinyozi, na nywele za mkewe zilipoanza kubaki kwenye mto, alimchukua Jumapili moja asubuhi hadi kwenye duka lake, akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe pamefungwa, akamkalisha kwenye kiti kinachozunguka na kumfunga kitambaa shingoni. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yao, Mama Upawa hakuwahi kukikalia kiti hicho.

"Tunakata vipi, mteja?" mume akauliza.

"Mtindo wowote utakaonipunguzia umri."

Mashine ikaunguruma. Alipomaliza, mume alimbusu utosini, kisha akashika ufagio akafagia muda mrefu kuliko nywele zilizokuwapo. Binti zao wawili, mkubwa wa kidato cha tatu na mdogo wa miaka saba, walimkagua mama yao pande zote wakakubaliana kwamba ana kichwa kizuri cha mviringo, na ni hasara kilivyofichwa miaka yote hiyo.

Halafu akaja wifi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume, na alishuka na sanduku moja na amri zisizo na idadi. Alishika ufuaji, akashika deki, akashika hata birika la chai. "Wifi, kaa." "Wifi, lala." "Wifi, hebu acha, mimi nipo." Mama Upawa, ambaye kazini watu wanane walikuwa wakikimbia akikohoa tu, alijikuta nyumbani kwake anaomba ruhusa ya kufunga dirisha. Wifi alikuwa na moyo wa dhahabu na mdomo wa moto, na vyote viwili alivitumia bila ubahili. Kitu kimoja tu Mama Upawa alikataa katakata kukiachia: chakula cha Jumamosi na Jumapili angepika mwenyewe.

Ulimi ulikufa baada ya dawa ya pili. Aliamka siku moja, akanywa chai, akahisi analamba kufuli. Sukari ikawa kufuli, limau kufuli, na chumvi ndiyo haikuwa kitu kabisa. Nesi alimwambia kwamba ni kawaida, na ladha itarudi wiki kadhaa baada ya dawa ya mwisho. Zilikuwa zimebaki nne. Mama Upawa alipiga hesabu, akaona zaidi ya miezi mitatu ya kupikia shule nzima bila ulimi, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze akaogopa kweli. Kifo alikuwa ameshakizungumza na mumewe, wakakimaliza. Hili hakumwambia mtu. Pale jikoni ndipo mahali pekee duniani palipobaki ambapo watu walimuuliza jambo tofauti na "umeamkaje". Walimuuliza mchele uko wapi, gesi imeisha tufanyeje, leo ni kabichi au maharage. Akiondolewa pale, angebaki mgonjwa tu, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Basi akabuni mbinu. Nyumbani angejaribia, shuleni angefuata. Jumamosi angetia chumvi kwa kiganja, awatazame wakila, na nyuso zao ndizo zingekuwa ulimi wake. Ilikuwa mbinu nzuri, na ingefanya kazi katika nyumba yoyote isiyo na wifi.

Maana yeye asilolijua ni hili: jioni ya Jumamosi ya kwanza, mchuzi ulipotoka na chumvi kupita kiasi, wifi aliwakusanya kaka yake na watoto uani akawapa sheria. "Mgonjwa hasemwi chakula chake. Mkila, mnasema kitamu. Nikimwona mtu anakunja uso, atanijua." Kinyozi, ambaye riziki yake yote ilitokana na kuwaambia watu wamependeza, hakuona ugumu. Watoto waliona ni mchezo. Wakaanza kusifu. Mama Upawa alipotia chumvi, akalamba mkono na kukuta hakuna kitu, kiganja kilishikwa na wasiwasi kikaongeza, naye akawatazama mezani, na wote wakasema leo umeweza. Jumamosi iliyofuata akaongeza tena. Wakasema umejishinda. Mdogo alikunywa vikombe vitatu vya maji, lakini mtoto kupenda maji si jambo la kumshangaza mzazi.

Shuleni sufuria zilifuata nyayo hizo hizo, taratibu, chembe kwa chembe, mpaka ikafika Ijumaa ya wiki iliyofuata dawa ya tatu. Siku hiyo ilikuwa ya maharage.

Mama Upawa alikuwa na tabia ambayo wapishi wengi hawana. Baada ya kupakua hakwenda kukaa. Alisimama kwenye dirisha la vyombo vichafu, pale watoto wanaporudisha sahani, akazisoma. Sahani hazijui adabu. Ijumaa ile sahani ya kwanza ilirudi imejaa. Ya pili ikarudi imejaa. Akadhani ni wale wanaojishibisha vitumbua kantini kabla ya chakula. Ya kumi iliporudi, ndoo ya makombo ilikuwa imefika nusu, na watoto walipita mbele yake wameinamisha macho, wengine wakimsalimia kwa heshima kuliko kawaida, kwa kuwa walijua anaumwa na hawakutaka kumuudhi. Heshima ile ilimchoma.

Akageuka kwa msaidizi wake, mwanamke aliyepewa jina la Kimya kwa sababu zinazojulikana.

"Kimya, uliyaonja haya maharage?"

"Niliyaonja, Mama. Ulipokwenda stoo."

"Yakoje?"

Kimya akatazama sakafu. "Chumvi, Mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikuambie wewe?"

Mwalimu mkuu alifika baadaye, akatazama ndoo, akamtazama Mama Upawa. Hakufoka. "Jumatatu asubuhi tuonane, mama," alisema kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko kelele.

Alichofanya ni kujaza bakuli la maharage yale yale na kuondoka nalo. Alifika nyumbani jua bado liko juu ya mapaa, akayapasha moto, akamfukuza wifi jikoni, akawapakulia wote kwa wingi, akakaa mkao wa kutazama.

Mume akatia kijiko mdomoni. Shingo ilimkakamaa, machozi yakamlenga, akameza.

"Matamu, mama watoto."

"Kweli?"

"Matamu sana."

Binti mkubwa akasema leo umepatia. Mdogo alikuwa tayari ana kikombe cha maji kila mkono. Wifi alimeza kijiko cha kwanza, akameza cha pili kwa ukaidi, na cha tatu kikamwingia njia isiyo yake, akakohoa mpaka kilemba kikaanguka.

"Ongeza, wifi," Mama Upawa akasema, upawa juu. "Haya maharage yamewashinda watoto mia tatu na arobaini, lakini naona nyie mna matumbo ya chuma."

Akawaeleza yote: ulimi, kufuli, mbinu yake, ndoo ya makombo, na Jumatatu. Alianza kwa hasira, akafika katikati akilia, na binti mdogo alipouliza kama sasa anaruhusiwa kutoyamaliza, akajikuta anacheka huku bado machozi yanatoka.

"Ni mimi," wifi alisema, akijifunga kilemba. "Niliwakataza mimi. Nilisema tusimvunje moyo."

"Mnanipenda, nimewaelewa. Lakini mapenzi yenu yananifukuzisha kazi. Wifi, kama ni kunihurumia, nihurumie kwa kufagia. Kwenye chakula niambieni ukweli."

Mwisho wa wiki ule nyumba iligeuka darasa. Mama Upawa alipika sufuria moja baada ya nyingine, na kila mtu alilazimika kutaja kasoro. Wifi alikuwa mwanafunzi bora. Ilionekana alikuwa na kasoro za miaka ishirini na miwili alizozihifadhi, na alizitoa kwa mpangilio, akianzia na chakula cha siku ya harusi. Watoto nao hawakubaki nyuma. Aliyeshindwa ni kinyozi. Alionja, akatafuta maneno, akasema labda, pengine, kwa mbali kidogo, lakini ni kitamu. Mkewe akamwambia amefeli. Jumapili jioni Mama Upawa, yule aliyedharau vijiko, alikuwa ameandika kwenye karatasi kila sufuria inahitaji vikombe vingapi vya chumvi, na mkono ulimuuma kwa aibu zaidi ya kuandika.

Jumatatu alimweleza mwalimu mkuu bila kuficha kitu. Hata ulimi alimtajia.

"Na ukikosea tena, nani atakuambia?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kimya."

"Kimya?" Mwalimu mkuu akasimama. "Twende jikoni nikaone."

Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyanya ilikuwa inachemka. Mama Upawa alitia chumvi kwa kikombe, kama karatasi ilivyosema, akakoroga. Halafu akafanya jambo ambalo wale wapishi wengine waliacha kukata vitunguu ili walione vizuri: akaugeuza upawa, akamkabidhi msaidizi wake. Kimya aliupokea kwa mikono miwili. Akaonja. Jiko zima lilimtazama, mwalimu mkuu mlangoni, Mama Upawa ameshika ukingo wa meza. Kusema umekaa sawa kungeyamaliza hapo hapo, na kila mtu angeshusha pumzi.

"Bado, Mama," Kimya alisema, taratibu. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza: "Umepooza. Na nyanya hazijaiva vizuri, zimechelewa kutiwa."

Mama Upawa alihisi damu inampanda, maana miaka kumi na tisa si siku moja. Akaiacha ipande, ikashuka.

"Chumvi kiasi gani?"

"Nusu kikombe."

Akatia nusu kikombe. Kimya akaonja tena, akatikisa kichwa vile vile bosi wake alivyokuwa akitikisa, na wapishi wakarudi kwenye vitunguu vyao.

"Jumatatu ijayo una dawa?" mwalimu mkuu akauliza kutoka mlangoni.

"Ya nne, mwalimu."

"Basi Alhamisi yake usichelewe. Kuna wageni."

Alipoondoka, Mama Upawa alikaa juu ya debe la mafuta, akampigia simu mume wake. Nyuma ya sauti yake ilisikika mashine ya kunyolea, ikazimwa.

"Nimebaki," alimwambia. "Nimebaki kazini."

Kinyozi alishukuru Mungu, akamtangazia na mteja aliyekuwa kitini, mteja naye akashukuru. Kisha akanyamaza, na mkewe akafikiri simu imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Mke wangu, yale mayai uliyonikaangia jana asubuhi." Akavuta pumzi ndefu. "Yaliungua upande mmoja. Na chumvi hukutia kabisa."

Mama Upawa aliiweka simu kifuani, upande ule wenye kovu, akacheka mpaka Kimya akaacha sufuria kuja kumtazama.