Nati za Gari la Bi Sharifo

Nduta hakuzaliwa fundi wala muuza rimu. Mumewe Gikonyo alipofariki alimwachia kibanda kule Kibomet, ukingoni mwa mji wa Kitale, kimejaa rimu kuukuu zilizorundikwa hadi darini. Watu wa kanisani walimshauri auze zote kama chuma chakavu, arudi shambani. Akakataa. Alijifunza kazi kwa kuuliza na kwa kukosea, na miaka ilivyosonga madereva wa Trans-Nzoia, waliomwita kwa jina la mwanawe, wakazoea kusema, "Kama ni rimu, nenda kwa Mama Gathii. Yeye hawezi kukuuzia balaa."

Na kweli alikuwa mwangalifu. Gari la zamani halikubali kila rimu. Alihesabu mashimo, akapima nafasi kati yake, akahakikisha tundu la katikati linaingia vizuri kwenye habu, ile sehemu ya gari inayobeba gurudumu. Gurudumu likishafungwa, alipitisha mkono nyuma ya tairi kuona halisugui springi, kisha akaagiza usukani ukatwe kulia hadi mwisho, halafu kushoto. Mwisho kabisa aliangalia nati, maana rimu za kiwandani mara nyingi hukazwa kwa nati za bapa, na hizi za kununua hutaka nati zilizochongoka, zinazozama shimoni; ya bapa hukaa juu juu ikalegea.

Siku alipokuja Wekoye kutoka Bungoma na Corolla nzee ya tajiri wake ili ifungwe rimu, Nduta alikuwa na haraka. Kamati ya kwaya ilikuwa inamngoja na mawingu yalikuwa yametanda. Mashimo yalilingana, tairi halikusugua popote. Lakini nati za gari lile zilikuwa za bapa, na zile zilizochongoka zilikuwa nyumbani, upande wa pili wa mtaa.

Wekoye alikuwa dereva mtulivu wa makamo. Aliinama akashika nati moja. "Lakini Mama Gathii, hii si inakaa juu juu? Naona kama haijashika vizuri."

"Zitashika," Nduta akajibu, akikaza spana. "Kwani nani anauza rimu hapa, mimi ama wewe?"

Wekoye akawasha gari, akaenda.

Wiki iliyofuata Nduta alipigiwa simu na Alwi, mwenye gari, mfanyabiashara wa nguo pale Bungoma. Gurudumu la mbele lilichomoka karibu na Mabanga, gari likatumbukia mtaroni. Ndani alikuwamo mama yake, Bi Sharifo, ambaye gari hilo lilikuwa la safari zake. Alikuwa amevunjika mkono.

"Dereva nimemfukuza," Alwi alisema. "Mtu anabeba mama yangu na hata nati hakazi! Eti anasema alinipigia simu gari linatikisika. Uongo mtupu. Sasa Mama Gathii, rimu moja imepasuka. Unaweza kunipatia ya kufanana nayo?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nduta alifungua kinywa, na kilichotoka kikawa, "Pole sana. Nitakutumia, usijali. Hiyo iwe ya kumpa mama pole."

"Mungu akubariki. Una roho safi sana."

Maneno hayo yalimfuata. Akiimba kanisani, aliyasikia. Akimhudumia mteja, aliona mkono wa Wekoye umeshika ile nati. Alijaribu kujitetea: barabara ni mbovu, dereva angesimama njiani akaze tena. Lakini moyo haudanganyiki na mwenyewe. Aliijua nati ile kabla Wekoye hajainama.

Siku moja baada ya ibada hakurudi nyumbani. Alichukua mfuko wa nati zilizochongoka, akasafiri hadi kwa Alwi, Kanduyi, pale pale Bungoma. Alimkuta Bi Sharifo kitini, mkono umefungwa plasta, mwanawe akimmenyea chungwa. Nduta alikataa chai.

"Wekoye hakukosa," alisema akiwa bado amesimama. "Mimi ndiye nilifunga nati zisizofaa, na nilijua. Aliniuliza, nikamdharau."

Alwi akaweka kisu chini. "Na juzi kwa simu ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Nikakuombea baraka!"

Bi Sharifo hakumtazama Nduta. Alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Mwite yule baba wa watu."

Wekoye alikuja na vumbi la matofali mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepata kibarua cha kubeba. Hakukubali kuingia. Alwi alimwomba msamaha mlangoni pale pale, akamwambia kazi yake ipo. Wekoye akatikisa kichwa.

"Hapana, bosi. Nilikupigia ukaniambia niache visingizio, na baada ya ajali ukakana kwamba nilipiga. Siwezi kubeba mama yako tena huku ukinishuku." Kisha akamgeukia Nduta. "Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Twende kwangu. Bibi yangu pia anaamini ni uzembe wangu. Umwambie kwa mdomo wako."

Wakaenda kwa miguu. Mkewe Wekoye alikuwa uani akichambua maharagwe. Nduta alisema yote tangu mwanzo, mpaka na lile la kwaya. Mama yule aliendelea kuchambua, vidole vikienda polepole, kisha vikasimama.

"Nimemlaza na njaa mtu asiye na kosa," alisema, akimtazama mumewe. Wekoye akageuza uso upande wa ua. Hakuna aliyemkaribisha Nduta kuketi, naye hakungoja kukaribishwa.

Siku hizi Wekoye anaendesha lori la miwa la tajiri mwingine. Alwi alizikataa nati za Nduta, akabadilishiwa na fundi wa kwao. Kibomet hajatuma gari tena. Bi Sharifo mkono umeunga, ila kukunja ngumi hawezi. Nduta bado anauza rimu, na wateja bado wanamsifu kwa uangalifu wake. Wakimsifu, huinama akashughulika na kitu chochote kilicho karibu, mpaka wamalize.