Nati ya Kabureta Kwenye Pilau la Akika

Wewe unayesoma hapo, acha kwanza unachofanya unisikilize. Nimekosa, na kosa langu lilinuka mtaa mzima.

Mie naishi Chanika. Baba mkwe wangu, mkazi wa Ukonga, alinikabidhi gari lake la ujanani, lile la taa za duara, nilifufue kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa hupiga simu kuuliza limefikia wapi. Nikamwambia kabureta nimeshaisafisha na kuifunga. Uongo! Ilikuwa bado vipande vipande mezani.

Ili kuficha uongo wangu, nikaloweka vile vipande kwenye mafuta ya taa. Masizi hulainika, unasugua kwa mswaki wa zamani, vinang'aa. Hapo sikukosea. Nilikosea chombo: nilichukua sufuria kubwa la pilau.

Na sufuria si letu! Mke wangu alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha kina mama. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni, na hakuna shughuli iliyoanza mtaani bila hodi kwake. Aliheshimika kuliko mjumbe. Siku hiyo moja tu aliusahau kwenye msumari, nami nikafungua stoo.

Baada ya siku mbili jirani akaja kuazima sufuria kwa ajili ya akika ya mwanawe. Nililisugua kwa sabuni na majivu mara tatu, nikanusa, nikaona shwari. Ndugu yangu, pua iliyoshinda na mafuta ya taa haiyasikii tena! Na sufuria likipata moto, harufu hurudi.

Tonge la kwanza tu, wanaume mkekani tukatazamana. Mzee mmoja akauliza kama pilau hili linatumia petroli au dizeli.

Uani kina mama wakamgeukia mpishi, Bi Tatu, kwamba kawashia kuni mafuta ya taa, kapitiliza. Akaapa huku analia kwamba kuni zilikuwa kavu. Na mie? Nikasema kwa sauti kwamba hata juzi nilimwona akifanya hivyo. Sikumwona!

Baba mkwe naye alialikwa, tulikuwa sinia moja. Akatafuna kitu kigumu, akakitoa, akakifuta kwa ncha ya kanzu. Nati ndogo ya shaba.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "kabureta si ulisema umeifunga?"

"Nimeifunga, baba."

"Kwa nati ngapi?"

Kumbe moja ilijibana kwenye mkunjo wa mdomo wa sufuria, mwiko ukaiangusha.

Akaniwekea kiganjani. "Nenda ukawaambie. Ukichelewa, nakwenda mie."

Nilikwenda. Mbele ya kina mama wote nikamwonyesha Bi Tatu ile nati, nikaeleza mambo yote, na ule ushahidi wa uongo pia, nikamwomba radhi. Akafuta machozi kwa kanga, akaitazama nati, akanitazama mie.

"Shemeji, siku nyingine lete na usukani, tukorogee."

Wakacheka wote isipokuwa mke wangu. Yeye aliuvua ufunguo shingoni, akamkabidhi katibu wa kikundi, akaenda kuosha sahani. Hapo ndipo nilipojua nimevunja nini.

Sasa kila shughuli mie ndiye msugua masufuria. Bi Tatu huyanusa moja moja, akiridhika ananiita Fundi. Nimenunua sufuria jipya, lakini ufunguo bado uko kwa katibu, na mke wangu bado anaipapasa shingo mahali ulipokuwa.

Sikukatazi kufufua gari la zamani, wala usiogope. Taa zile za duara zikiwaka mara ya kwanza, utacheka peke yako. Ila tafuta ndoo mbovu, iandike GARI kwa rangi, uiweke mbali na jiko. Kabla hujaloweka, hesabu nati. Ukitoa, hesabu tena. Ikipungua moja, mwambie mkeo kabla pilau halijainjikwa.