Baba Alikaa Nyuma

Kaka yangu hana subira, nami sina adabu, kwa hiyo kikao cha kumjadili Baba kiliisha kwa makelele. Mara mbili mzee alikuwa amepotea njia ya kurudi kwake Namuwongo, hapa Kampala, na kaka alitaka ahamie kijijini kaskazini, kwa shangazi. Mimi nikasema uzee si ugonjwa. Baba alitusikiliza kama anayesikiliza watu wanaobishania bei ya nyama, kisha akaweka kikombe chini.

"Twende Jinja na baiskeli. Nikifika, nyinyi mnaacha mimi nakaa kwangu. Nikishindwa, nakwenda kijiji."

Kaka akakubali, na kaka akisema neno harudi nyuma. Mimi nilikubali kwa sababu nilitaka kumshinda kaka. Sina haja ya kujipamba.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, watu wanne: Baba, kaka, mimi, na jirani wa Baba, Mkongomani muuza vitenge, rafiki pekee aliyebaki naye tangu Mama afariki. Baba alikuwa askari polisi miaka mingi, na sisi tulikulia kambini Nsambya. Akatupanga mstari kama wa doria, yeye mwisho.

"Mimi naangalia nyuma. Nyinyi hapana geuka. Mtu ya nyuma haondoki mpaka watu yote imepita."

Tulizoea. Tangu utotoni, iwe kanisani iwe sokoni, yeye ndiye aliyekuwa nyuma akituhesabu. Basi hatukugeuka. Tukapita Mukono, malori yakitupiga upepo wa kutuangusha, nami nakanyaga pedali huku nikipanga maneno ya kumcheka kaka. Tulipofika Lugazi tukasimama tunywe soda. Ndipo jirani akauliza, "Sasa, Mzee iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Watu wazima watatu, na hakuna aliyetupa jicho nyuma hata mara moja! Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, maana aliogopa kuiangusha. Nikamwambia kaka afunge mdomo, ingawa alikuwa hajasema kitu. Tukakubaliana yeye abaki pale, huenda mzee akatokea. Jirani aulizie kwenye njia za mashamba ya miwa. Mimi nirudi kwa barabara kuu. Kila nilipoona watu wamekusanyika kando ya lami, nilishuka nikachungulia katikati yao.

Nilimkuta kabla sijafika nusu ya njia ya Mukono. Alikuwa amesimama wima kando ya baiskeli yake nzima, hana hata mkwaruzo, anatazama upande wa Kampala. Hasira ikanipanda kabla ya shukrani.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nagoja. Kuna mtu moja bado."

"Mtu gani?"

"Sisi watu nne. Mbele nimeona tatu."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia ahesabu tena. Akakunja kidole cha kaka, cha jirani, changu. Kwenye kidole cha nne akakwama. Alikaa nacho hewani muda mrefu, halafu akakishusha polepole kifuani pake.

"Na mimi," akasema.

Sikuwahi kumwona Baba akiona aibu, na sikujua niweke wapi macho yangu. Nililia, yeye akanikataza. Kaka akapiga simu. Nikamwambia nimempata, tunakuja. Safari hii nilimweka Baba mbele yangu, na kaka na jirani walipouliza pale Lugazi kulikoni, nikasema tufike kwanza.

Tuliingia Jinja jua likiwa bado juu. Kaka, mtu wa neno lake, akampa mzee mkono. "Umeshinda, Mzee. Kaa kwako, sitasema tena."

Baba hakuuachia ule mkono. "Kwanza uliza dada yako mimi nilibaki nyuma kwa nini. Yeye ndio amenikuta."

Kaka akanigeukia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nalijua hilo, na maradhi yenyewe hayakuwa yangu. Lakini nilikiwazia kile kijiji, siku nzima ya safari kutoka kwangu Ntinda, Baba akikaa kwenye kiti cha watu. Sikumwonea huruma yeye tu. Niliogopa kubaki Kampala bila mzazi.

"Pancha tu," nikasema. "Tairi lilikwisha upepo."

Baba akayatazama matairi yake, akanitazama mimi, akauachia mkono wa kaka.