Nguvu Iliyoishia Kichupani

Muuguzi wa chanjo waliyemwita Bi Chapuchapu alilipenda jina lake. Foleni yake iliisha jua halijachoma, ilhali kwenye vituo vingine akina mama walishinda na watoto mgongoni. Wepesi wake ulianza asubuhi. Pakiti za barafu zilipaswa kuachwa mezani mpaka zitoe jasho, na maji yasikike ndani zikitikiswa, ndipo zipangwe kwenye kasha la chanjo. Yeye hakungoja. Alizipanga zikiwa ngumu kama mawe, akaanza kazi. Aliamini kinachoua chanjo ni joto tu.

Ndipo bintiye alipomleta mjukuu wodini, akikohoa mfululizo hadi midomo ikapiga weusi, kisha akivuta pumzi kwa mlio. Kifaduro.

"Mama, si ulimchanja mwenyewe?"

"Kwa mkono huu."

"Basi dawa zenu ni maji matupu!"

"Hapana, dada," daktari aliingilia. "Palipo na kila kitu sawasawa, chanjo ile inakinga, hiyo ndiyo nguvu yake. Kumfaa mtoto huku kwetu, baada ya kusafirishwa na kuhifadhiwa, ni habari nyingine." Akamgeukia muuguzi. "Na kumaliza kazi mapema, tunakokusifia, ni habari ya tatu kabisa. Bibi, kasha lako unalipangaje?"

Muuguzi alikwenda chumba cha chanjo, akatoa kichupa kilichobaki kwenye kasha la asubuhi ile, akakitikisa, akakiweka dirishani. Chembe nyeupe zikazama upesi, juu yakabaki maji maangavu. Dawa ilikuwa imegandishwa na barafu ile ngumu, kisha ikayeyuka; na chanjo hii ikiganda hufa. Hakuwahi kupoteza tone wala dakika. Watoto walichomwa, wakalia, kadi zikajazwa, na kinga haikuwamo.

Aliporudi, mama mmoja alikuwa benchini na mtoto anayekohoa. "Afadhali umekuja, Bi Chapuchapu! Wewe ndiye usiyetukawiza."

Alimpita bila salamu. Kitandani bintiye alikuwa amempakata mtoto, na kikohozi kilikuwa kimenyamaza, kifua hakipandi tena. Daktari alikuwa akikunja bomba la oksijeni.

"Mama, niambie ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Niambie hivyo tu."

"Ilitoka kiwandani nzima, mwanangu. Niliiua mimi, kwenye barafu."

Akanyoosha mikono ampokee mjukuu wake. Binti alimvuta mtoto kifuani, akageukia ukutani.