Shangazi wa Watoto Tisa

Mpishi wa shule ile aliitwa Mwiko, na jina lilimkaa pande zote mbili: mwiko wa kupikia haukumtoka mkononi, na mambo yaliyokuwa mwiko kwa wenzake, kwake yalikuwa mchezo. Hakuwa na mume wala mtoto. Ukimuuliza sababu, alikuambia waume waligawiwa yeye akiwa jikoni.

Mapigano yalipozuka ng'ambo ya mto, masomo yalisimama na madarasa yakajaa watu waliokimbia. Watoto tisa waliofika bila mtu mzima walipewa chumba cha darasa la nne. Mwiko akahamishia godoro lake humo. Aliwafundisha karata, akawaibia waziwazi, na wakimkamata alidai wana makengeza. Wiki ya pili, mtoto aliyekuwa akishtuka hata kifuniko cha sufuria kikianguka alimfichia kiatu kimoja. Mwiko alishinda akichechemea kutwa nzima, huku moyo umejaa furaha. Mtoto akianza utundu, ameanza kupona.

Kisha akaja afisa wa ustawi wa jamii, kijana wa shati lililonyooka. Alieleza kwamba watoto wasio na ndugu watapelekwa kwenye makao ya mjini, na kwa kuwa nafasi ni haba, watatawanywa sehemu tatu. Mwiko akamwambia asijisumbue, hao ni watoto wa kaka yake.

"Wote tisa?"

"Wote."

Afisa akatazama orodha. "Wanne wana miaka saba."

"Kaka alikuwa mtu wa bidii."

Afisa hakucheka. Aliwaita watoto mmoja mmoja ofisini kwa mwalimu mkuu, akafunga mlango, akamuuliza kila mmoja shangazi yake ni mtu wa namna gani. Mwiko hakuwa amepata nafasi ya kuwapanga. Alibaki nje akingoja.

Wa kwanza alisema shangazi anakoroma mpaka bati linatikisika. Wa pili alimwita mwizi wa karata. Wa tatu alisema aliwahi kulambishwa chumvi akiambiwa ni sukari. Mdogo kuliko wote alisema mtu akiamka analia, shangazi naye huamka, hudai ni yeye aliyeota vibaya, kisha huomba ashikwe mkono.

Afisa alitoka amefunga daftari.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama. Hawa si damu yako."

Mwiko akainama.

"Nimekuandika mlezi wa muda," afisa akaendelea. "Lakini majina yao yatabandikwa kila kambi. Ndugu zao wakitokea, utawaachia."

Walitokea watano. Mwiko aliwahoji kuliko hata afisa alivyomhoji yeye. Bibi mmoja aliulizwa mjukuu wake hulalia ubavu gani. Alijibu kwa hasira, tena sawasawa. Mwiko akamfungia mtoto nguo zake, akamtania mpaka getini, kisha akarudi kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Wanne waliosalia wanaishi naye mpaka leo, vyumba viwili nyuma ya soko, na majirani hawaishi kulalamikia kelele. Afisa huja kila mwezi. Hukagua vitanda, hukagua madaftari ya shule, kisha huuliza, kama mtu asiyejali, kilichopo jikoni.